Kucheza peke yako si upweke

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na tangu waliponena hivyo, sisi tuliorithi hekima yao tumekuwa wepesi wa kumshuku kila mtu afanyaye jambo peke yake. Alaye peke yake huitwa mchoyo. Anenaye peke yake huitwa mwenda wazimu. Na achezaye peke yake je? Huyo aghalabu hukosa hata jina. Watu humtazama tu kwa huruma, wakaulizana kwa kunong'ona ni msiba gani uliompata.

Leo ningependa, kwa idhini yako msomaji mpendwa, kumtetea huyo wa tatu. Sitaanza na nadharia, ingawa nadharia ndiyo inayonipa riziki. Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye kwa ada yetu nami humwita Baba, alikuwa na mwenzake wa kucheza naye ajua. Ajua ni ndugu wa bao: mashimo yaliyopangwa kwa safu, kokoto za kupanda shimo baada ya shimo, na akili ya kuhesabu kwa macho bila kugusa. Mashimo yao yalikuwa yamechimbwa ardhini, chini ya mwembe. Baba alikuwa mwalimu, na kila jioni alipotoka shuleni alimkuta mwenzake amekwisha kuketi, kokoto zi tayari. Walicheza mpaka giza likawazuia kuyaona mashimo.

Kisha yule mwenzake akafariki. Matanga yakaisha, wageni wakarudi makwao. Jioni moja tukamwona Baba amebeba kigoda chake akielekea mwembeni. Alikaa upande wake, akapanga kokoto, akacheza zamu yake. Halafu akainuka, akakibeba kigoda, akazunguka na kuketi upande wa marehemu. Alitafakari kwa muda mrefu, akacheza zamu ya pili. Akainuka tena.

Sisi watoto tulicheka mpaka tukashikwa na khofu. Mmoja wetu alisema mzee anacheza na jachien, yaani mzuka. Watu wazima hawakucheka, lakini nao walipunguza mwendo walipopita njiani. Laiti angekuwa analia, wangemwelewa. Lakini hakuwa akilia. Alikuwa akicheza, tena akionekana kufurahi, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi.

Hapa naomba nisimame kidogo kama mwanaisimu. Msemaji wa Kiswahili alisikiapo neno ajua atadhani ni kitenzi: yeye ajua. La hasha! Dholuo ni lugha ya Kinailoti na Kiswahili ni cha Kibantu, na mfanano huo ni sadfa tupu. Wapo pia wanaolihusisha jina la mchezo huu na neno ajuoga, yaani mganga. Nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba mfanano wa sauti pekee haujapata kuwa ushahidi wa nasaba ya maneno.

Lakini kuna maneno mengine ya kutafakari. Kiswahili kinayo maneno upweke na ukiwa, na yote mawili yamebeba huzuni. Kinalo pia neno faragha, ambalo limekaribia kumaanisha kujificha. Neno la kumtaja mtu aliye peke yake na ameridhika, mimi bado nalitafuta. Hata hivyo, sarufi yetu ina ukarimu kuliko msamiati wetu. Twasema: mtoto anajichezea. Tazama jinsi kiambishi ji kinavyomrudishia mtoto mchezo wake mwenyewe, bila lawama wala huruma. Ila twamruhusu mtoto tu. Mtu mzima akisemwa kwamba anajichezea, hilo ni onyo: anapoteza wakati au anajitia hatarini.

Miaka ikapita, nami nikaenda Uingereza kusomea shahada ya uzamifu. Majira ya baridi yana namna yake ya kumfundisha Mwafrika maana ya chumba. Jua lilizama saa kumi jioni, wenzangu walikwenda makwao kwa Krismasi, na maktaba ikafungwa. Katika duka moja la vitu vikuukuu nikaona kasha lililochakaa pembeni, limeandikwa Source of the Nile, yaani Chanzo cha Mto Nile. Ulikuwa mchezo wa ubaoni, kazi ya Wamarekani wawili, Ross Maker na David Wesely. Nakala yangu ilikuwa ya kampuni ya Avalon Hill, iliyoutoa mwaka 1979. Kasha lilieleza kwamba mtu aweza kuucheza na wenzake au peke yake. Nikaununua kwa sababu ya jina la mto.

Ubao wa mchezo huo ni ramani ya Afrika iliyogawanywa katika pembesita ndogo ndogo. Pwani imechorwa, lakini sehemu kubwa ya bara ni nyeupe pe! Mchezaji ni mpelelezi wa karne ya 19. Hujichagulia kazi, akanunua vifaa na kuajiri wapagazi, akashuka pwani na kuanza kutembea. Kila aingiapo katika pembesita nyeupe, bahati humwambia alichokikuta, kama ni mlima, kinamasi, jangwa au ziwa. Naye huchukua kalamu ya rangi inayofutika, akakichora pale pale. Mchezo ukiisha ramani hufutwa. Kesho bara huwa jeupe tena, na mito hupita kwingine.

Usiku wa kwanza safari yangu iliangamia upesi. Usiku wa tatu nilikuwa nimeufuata mto mmoja mpaka nikasahau kula. Kwa nini nilifurahi? Nimelifikiria swali hili kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba hapakuwa na mtu wa kushindana naye. Tunapocheza na mwenzetu, macho yetu humtazama yeye. Tunachagua njia fupi na kuziacha nyingine, kwa kuwa aliye mbele yetu hatatungoja. Ukicheza peke yako, waweza kugeuka kushoto kwa sababu moja tu, kwamba hujawahi kugeuka kushoto. Waweza kurudi nyuma pasi na aibu. Waweza kupoteza jioni nzima kwenye kinamasi kisicho na faida, ukalala umeridhika kwamba sasa wajua mwisho wake. Ni furaha ya kuuliza swali ambalo hakuna mtahini aliyekwisha kuandika jibu lake.

Michezo ya aina hiyo imeongezeka tangu wakati huo. Mwaka 2021, kwa mfano, Mmarekani Ryan Laukat alitoa mchezo uitwao Sleeping Gods, ambamo mtu mmoja aweza kuiongoza merikebu kutoka ukurasa hadi ukurasa wa kitabu cha ramani, akishuka pwani apendapo na kusoma kisa kinachomngoja hapo. Wala tusidhani kwamba furaha hii ni mali ya ng'ambo. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina shimo liitwalo nyumba; na mchezaji anapozitoa kete za nyumba hiyo na kuzipanda mbele, wenyewe husema kwamba nyumba inasafiri. Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar ilitoka Leiden mwaka 1995, aliwastaajabia watu wenye uwezo wa kuzifuata kete hizo akilini. Akili ya mtu husafiri peke yake hata pale ambapo mpinzani ameketi mbele yake.

Sasa nifike penye mwiba. Katika usiku mmoja wa baridi ile nilikuwa nimeinama juu ya ramani yangu, wapagazi wangu wamechoka, nami nimeingia katika pembesita moja mashariki ya mahali ambapo ningelikuta ziwa kama ramani ingekuwa ya kweli. Bahati ikaniambia: jangwa. Nikachukua kalamu kulichora jangwa. Ghafla mkono ukasita. Pembesita ile ilikuwa kwetu. Ilikuwa Rangwe.

Nilikuwa nimekaa siku kumi nikifurahia weupe wa ramani, na weupe wenyewe ndio uliomzaa baba yangu.

Kuna kanuni moja ya mchezo huo ambayo nilikuwa nimeisoma bila kuitafakari. Mpelelezi hapati sifa kwa kuona tu. Sharti arudi Ulaya, atangaze alichokiona. Akifa njiani, yote aliyoyachora hufutwa, kana kwamba ziwa lenyewe limekauka. Waliobuni mchezo hawakudanganya. Ndivyo historia ilivyoandikwa. John Hanning Speke alipolifikia ziwa letu kutokea kusini mnamo Agosti 1858, alilipa jina la malkia wake, Victoria, ilhali Wajaluo walikuwa na jina lao, Nam Lolwe. Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua mwaka 1875 ili kuwathibitishia wasomaji wa magazeti kwamba ni ziwa moja. Wavuvi wa ziwa hilo hawakuwa na haja ya kuthibitishiwa.

Na wakati Speke alipokuwa akisimama ufuoni, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga zilikuwa zimesimama kwa takriban karne tatu, mawe juu ya mawe bila saruji wala udongo wa kuyashika. Thim lich ni msitu wa kutisha, na ohinga ni boma. Jina lenyewe ni ramani kwa anayeielewa lugha. UNESCO iliziingiza kuta hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kwa kanuni za ule mchezo, mwaka huo ndio zilipovumbuliwa! Ama kweli Kiswahili hakikukosea kilipompa mvumbuzi wa nchi na jasusi jina moja: mpelelezi.

Je, niliuacha mchezo? Sikuuacha. Nakiri kwamba furaha ilikuwa ya kweli na kasoro ilikuwa ya kweli, na msomi asiyeweza kuyashika mawili kwa pamoja atachoka upesi. Nililirudisha kasha nyumbani pamoja na vitabu vyangu, na likizo moja ya Desemba nikalipeleka Rangwe.

Baba alikuwa amekwisha kustaafu. Alivaa miwani, akaizunguka meza, akaikagua ramani kama anayesahihisha insha.

"Wuoda," akaniita, maana yake mwanangu, "na sisi tuko wapi?"

Nikaweka kidole. Alinitazama, akaitazama pembesita iliyo nyeupe kama maziwa, akacheka kicheko kirefu. Akaiomba kalamu. Alitaka kuchora mto, mlima Asego, njia ya sokoni na shule aliyofundisha. Lakini pembesita ilikuwa ndogo kama ukucha, na ndani yake zilitakiwa kuenea kata nzima nzima. Akaweka kalamu chini, akaenda chumbani, akarudi na daftari la hesabu. Alichora pembesita moja iliyojaza ukurasa mzima, akaanza upya.

Nilipata ujasiri wa kumwuliza swali nililolibeba tangu utotoni: kwa nini alicheza ajua peke yake baada ya mwenzake kufa? Nilitaraji kusikia habari za majonzi. Jibu lake lilinishangaza.

"Mwenzangu alikuwa na haraka," alisema. "Kila mara alikimbilia mashimo yale yale, nami nikalazimika kumzuia pale pale. Tulicheza miaka mingi katika kona moja. Alipokwenda, nilitaka kujua kokoto zingefika wapi kama tungepita njia nyingine. Upande wake nilimchezea kwa haki, sikumwibia hata kokoto moja. Nilimkumbuka, ndiyo. Lakini nilikuwa nikitazama."

Nilikuwa nikitazama! Watu wa kijiji kizima tulidhani tunamwona mjane wa urafiki, kumbe tulimwona mpelelezi kazini.

Mwalimu hastaafu kabisa. Kufikia jioni Baba alikuwa ametunga mchezo wake kwa ajili ya wajukuu. Kila mtoto alipewa karatasi yenye pembesita tupu, nyumbani pakiwa katikati. Akatakiwa aende peke yake, mchana, mahali panapoonekana kutoka nyumbani lakini ambapo hajawahi kukanyaga, achore alichokiona, kisha arudi. Kanuni ya kurudi Ulaya aliifuta, akaweka nyingine mahali pake: uvumbuzi hauhesabiwi mpaka umsimulie bibi yako, naye akupe jina la mahali pale.

Mpwa wangu wa miaka kumi alirudi na mchoro wa mwamba wenye ufa. Alipomsimulia bibi yake, akapewa jina la mwamba, na kisa cha jina, na ukoo uliohama kwa sababu ya kisa hicho. Mimi, daktari wa isimu, niliyezunguka wilaya za watu wengine na kinasa sauti nikikusanya msamiati wa tasnifu, sikuwa nimepata kulisikia jina lile. Mwamba uko umbali wa kutupa jiwe kutoka nilikozaliwa. Ile kanuni niliyoiona ya kikatili kumbe inatufanya kazi sisi wenyewe: mpelelezi akifa kabla ya kusimulia, ramani hufutwa. Baba sasa amepita miaka themanini na macho yake yamefifia. Daftari lake lina kurasa nne zilizojaa. Nimehesabu majina 63, na katika hayo 41 siyajui. Sidhani kama kuna deni lingine linaloniamsha usiku kama hilo.

Najua mwalimu anayesoma safu hii ana pingamizi. Atasema: vijana wetu wanacheza peke yao kupita kiasi, usiku kucha, vichwa vimeinamia simu, wakiomba ndege ya kamari isianguke kabla hawajatoa pesa zao. Ni kweli, na ni balaa. Lakini hebu tupambanue. Kamari ya simu haimwachi mchezaji peke yake hata dakika moja. Inamwita, inamhimiza, inamhesabia. Haina kushoto wala kulia, ina juu na chini tu. Kijana huyo hajipelelezi wala hapelelezi kitu. Yeye ndiye anayepelelezwa. Kutokuwa na mwenzi hakutoshi kuufanya mchezo uwe wa mtu mmoja. Sharti pia awepo huyo mtu, akichagua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba elimu ni ya jamii, na mtoto anayejitenga hupotea. Sikatai. Ndiyo maana naupenda mchezo wa Baba: mtoto huenda peke yake, lakini hurudi kwa mtu. Tumeijaza siku ya mwanafunzi kengele, vikundi na majaribio hata hana saa ya kwenda. Mwaka 2023 tuliuaga mtihani wa KCPE, tukaahidiana kwamba sasa tutamlea mtoto anayejifunza kwa kutenda. Miradi ikaja. Lakini mara ngapi mradi huo umefanywa na mzazi usiku, kwa maboksi na gundi, kwa kuwa alama zinangojwa asubuhi? Tumebadilisha jina la mtihani, tukasahau kumwachia mtoto njia.

Ombi langu kwa walimu ni dogo, wala halihitaji bajeti ya wizara. Likizo ijayo, mpe kila mwanafunzi karatasi moja yenye pembesita tupu. Mwambie aende pasipo mwenzake, mahali pa salama ambapo mzazi anapajua na yeye hapajui. Asishindane na yeyote. Usimpe alama. Akirudi, asimulie kwa mzee wa karibu, aandike jina atakalopewa, kwa lugha yoyote atakayopewa. Na wewe mwanafunzi wa chuo unayenisoma, anza na kilima unachokiona dirishani mwa nyumba yenu. Je, wakijua jina? Wajua maana yake?

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Mashimo ya ajua chini ya mwembe yalikuwa yamejaa majani, tukayasafisha. Baba hawezi tena kukibeba kigoda kutoka upande hadi upande, kwa hiyo nilijitolea kuketi kule kwa marehemu. Alikubali, akanipangia kokoto. Zamu yangu ya kwanza nilikimbilia shimo lililo karibu. Akaushika mkono wangu kwa upole.

"Usiharakishe," alisema. "Tazama kwanza."